Tulidhani ni Bonane

Tarehe 31 Desemba 1999, siku ya Ijumaa. Mvua ilinyesha Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, tangu alfajiri, ikakatika ghafla saa nne, kisha jua likatoka kali hata matope ya barabara yakawa yanatoa mvuke. Ndivyo ninavyokumbuka mimi. Mdogo wangu Sifa anasema mvua iliendelea mpaka mchana. Yeye alikuwa na miaka saba, mimi kumi na tano, lakini hiyo haitoshi kunipa haki, kwa hiyo naandika yote mawili.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita ya pili. Tulikuwa tumeshaizoea vita kama mtu anavyozoea jino bovu: unatafuna upande mwingine. Askari walikaa mjini, wapiganaji wengine walikaa porini na milimani, na sisi tulikaa katikati. Kulikuwa na siku za kukimbia na siku za kukaa nyumbani. Kutoka Noeli mpaka Bonane, yaani mwaka mpya, tuliomba zote ziwe za kukaa.

Kwetu sikukuu ilianzia kwenye kitambaa. Papa, baba yetu, alikuwa fundi wa kushona, na mashine yake ilikaa barazani. Kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili, alinunua kikwembe kimoja, yaani kitenge, akatushonea sisi wote: Mama, mimi Riziki, Sifa, hata mtoto mdogo Elia aliyekuwa bado mgongoni. Tulikwenda kanisani tumevaa sare. Watoto wa kartie, mtaani kwetu, walituimbia, "Pazia imefika! Pazia imefika!" Papa hakukasirika. Aliwajibu, "Pazia inakaaka mu nyumba ya bakubwa. Kwenu hamuna hata ya dirisha." Mwaka ule kitambaa kilikuwa cha kijani, chenye maua makubwa ya manjano. Yeye mwenyewe alijishonea mwisho siku zote, na kipande kilichobaki. Shati lake la mwaka ule lilifika jioni ya tarehe 31 bila vifungo. Alilifunga kwa pini.

Desturi yetu ya pili ilikuwa sahani. Ng'ambo ya barabara ndogo, mbele ya nyumba yetu, alikaa Mama Zaina, mjane Mwislamu, na binti yake Zaina. Kwa Idi sahani ilitoka kwake ikaja kwetu. Kwa Noeli na Bonane ilitoka kwetu ikaenda kwake. Mwaka ule Bonane iliangukia ndani ya Ramazani, kwa hiyo sahani ilipaswa kufika magaribi, chakula kikiwa moto, yeye akiwa anafungua saumu.

Kabla ya mchana askari mmoja alikuja barazani na suruali iliyopasuka gotini. Alikuwa wa jeshi lililoushika mji. Alikuwa amekuja mara nyingi, na hakuwahi kumdhulumu Papa wala kututukana. Nalisema kwa sababu ni kweli, hata kama kuna watu wa kwetu hawapendi nikilisema.

Alisimama amejifunga taulo, akamwangalia Papa akishona.

"Fundi, unashona sawa ya bibi arusi! Ni goti tu hii."

"Afande, goti yako itaingia mu mwaka mupya mbele ya weye," Papa akamwambia. "Acha iingie muzuri."

Askari akacheka. Alipomaliza kuvaa alimgeukia Mama, aliyekuwa anachambua mchele.

"Mama, leo jioni musishituke. Tutapiga masasi ya Bonane, ya juu tu. Mwaka elfu mbili haifikake kila siku. Musikimbilie mu pori, mukaachia kuku chakula yenu."

"Basi mukipiga, sisi tutajibu na masufuria," Mama akasema.

"Mujibu!"

Maneno yale Mama alimpelekea Mama Zaina. Mama Zaina aliyapeleka kisimani. Jua lilipoanza kushuka, kartie nzima ilijua kwamba masasi ya leo, hizo risasi, ni ya furaha. Kulikuwa na watu waliosema dunia itaisha kwa mwaka elfu mbili, na hao walichekwa. Mtu mmoja aliyekuwa ameshafunga mizigo yake kwa woga, aliifungua.

Nimejiuliza miaka mingi kama askari yule alitudanganya. Sidhani. Mtu anayetaka kukudanganya haleti goti lake ulishone. Lakini mimi si mtu wa kujua mioyo ya watu, shule yenyewe niliishia darasa la sita.

Jioni ilikuwa nzuri. Kulikuwa na wali wa mchele mpya wa Fizi, na nyama ya mbuzi kwenye mafuta ya mawese. Sifa alikuwa amevaa gauni lake tangu saa tisa na hakutaka kukaa chini asije akalikunja. Adhana ilipoanza, Mama alipakua sahani, akaifunika, akampa.

"Nenda mbio, mama, lakini usikimbie."

"Sasa niende namna gani?" Sifa akauliza, na sote tukacheka.

Alivuka barabara. Nilimuona akiingia mlangoni kwa Mama Zaina. Hakurudi mara moja, na hilo halikutushangaza. Mama Zaina hakukubali kurudisha sahani ya watu tupu. Ukimpelekea kitu, ulikaa kwenye kigoda mpaka akupe cha kurudi nacho. Jioni ile alikuwa bado anakaanga vitumbua. Sifa alikaa kwenye kigoda.

Masasi ya kwanza yalisikika upande wa ziwa.

"Bonane!" mtu akapiga kelele nyumba ya tatu.

Mama alishika kifuniko cha sufuria na mwiko. Mimi nilishika sahani ya bati. Kartie nzima iliitikia: vifuniko, ndoo, mabati ya paa, watoto wanapiga mluzi. "Bonane! Bonane!" Masasi yalizidi, nasi tulizidi. Elia mgongoni alikuwa anarukaruka. Naandika hivi kama ilivyokuwa: nilikuwa na furaha. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile dakika.

Mama akasema, huku anapiga, "Papa Riziki, uende umuchukue mutoto. Chakula inapoa."

"Mama Zaina iko namushibisha, haya, naenda."

Alivaa lile shati, akafunga pini zake. Mlangoni akageuka akaninyooshea kidole.

"Riziki, nikirudi nikute nyama yangu haijapunguka. Naihesabu na macho."

"Hata siitaki!"

"Wee!"

Alitoka ameinua mikono, anacheza, anamwamkia kila aliyesimama mlangoni.

Kisha sufuria moja upande wa ziwa ilinyamaza.

Ikanyamaza nyingine.

Kelele zilikatika nyumba kwa nyumba, zikija kwetu, kama mtu anayezima taa. Nilisikia watu wanakimbia. Mama na mimi tulikuwa bado tunapiga.

Kitu kiligonga ukuta. Vumbi la udongo likaangukia wali.

"Mama," nikasema. "Ile haiko ya Bonane."

Tulilala chini. Mama alimzungusha Elia kifuani, akamlalia bila kumbana. Masasi sasa yalikuwa barabarani kwetu, chini, si ya juu. Watu walipita wakikimbia. Sikuona sare. Sikusikia lugha. Kuna wanaosema ni wale wa porini walioshambulia mji, na kuna wanaosema ni wa mjini waliolewa wakapigana wao kwa wao. Nimeulizwa mara nyingi niseme ni akina nani. Niliona sakafu.

Ikapungua.

Mama alitambaa mpaka mlangoni akachungulia. Mimi nikatambaa nyuma yake.

Barabarani kulikuwa na kitambaa cha kijani.

Kiza kilikuwa kinaingia. Kulikuwa na nyasi, dimbwi la mvua, na kile kitambaa, na maua ya manjano. Yalionekana vizuri, maua. Kilichokuwa ndani hakikuonekana. Sote tulivaa kijani jioni ile. Sifa alivaa kijani. Papa alivaa kijani.

"Ni mukubwa?" Mama akauliza. "Riziki, weye una macho. Ni mukubwa ao ni mudogo?"

Niliangalia. Sikujua. Kilikuwa kimejikunja upande wa dimbwi.

"Ni mukubwa ao ni mudogo?"

Nilijivuta mbele kidogo nione.

Ndipo sauti ya Mama Zaina ikatoka ng'ambo, si kelele, kama mtu anayeita kuku.

"Mama Riziki! Sifa iko kwangu. Iko nzima. Sifa iko kwangu!"

Mama aliweka paji la uso kwenye kizingiti. Maneno yale yalimpa mtoto, na kwa maneno yaleyale akajua aliyelala pale ni nani.

Nyuma ya nyumba ya Mama Zaina kulikuwa na mashamba ya muhogo, na watu wengi walikuwa wanapitia huko. Ilibidi tuvuke. Nilimbeba Elia, nikavuka nikiinama, nikiangalia mlango wa Mama Zaina tu. Mama alivuka baada yangu. Alisimama kwa Papa. Niligeuka nikamwona amechuchumaa, na kwanza nilidhani anamsikiliza moyo. Alikuwa anafunga pini iliyofunguka kifuani. Alipoifunga, akanyanyuka, akaja.

Majirani waliobaki walimzika Papa siku zilizofuata, nyuma ya nyumba yetu. Hatukuwepo. Nasikia walimzika na shati lake, na nawashukuru.

Baadaye maneno yalikuwa mengi. Shangazi yangu, dada ya Papa, alisema Mama Zaina ndiye aliyemuua kaka yake, maana asingemzuia mtoto kwa sababu ya vitumbua, Papa asingetoka. Mama Zaina mwenyewe alilia neno hilohilo. Lakini asingemzuia, Sifa angekuwa barabarani na sahani mkononi wakati yale masasi yanafika, na sisi tungekuwa tunapiga masufuria. Mama naye, mpaka leo, anarudia yale aliyosema yeye: "Nilimwambia chakula inapoa." Nimemwambia kwamba kila mke wa Baraka angesema hivyo jioni ile. Ananijibu, "Ndiyo. Lakini ni mi nilisema." Nimepima upande huu, nimepima upande ule, na kila ninapofika ni Sifa au Papa. Siwezi kuchagua, na namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeniuliza kabla.

Yule askari wa goti sikumwona tena. Labda alikufa jioni ileile na suruali yake iliyoshonwa vizuri.

Amani ilipokuja kwa vipande vipande tulirudi Baraka. Mashine ya Papa ilikuwa imechukuliwa. Mimi nina watoto, Sifa ana wake, na Bonane tunakutana kwa Mama, tunapika wali na mbuzi, na sahani inavuka barabara kwenda kwa Zaina, binti, kwa kuwa mama yake alishafariki. Masufuria hatupigi. Na kitambaa kimoja hatuvai. Mwaka mmoja mke wa Elia, ambaye hakujua, alituletea sisi wote kikwembe cha namna moja, kizuri, amejinyima kukinunua. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakikunja akakiweka. Kesho yake aliniambia, "Kila mutoto avae rangi yake. Nikiangalia kwa mbali, nijue ni nani."

Ninarudi kwenye jioni ile, nimalize.

Tulikaa katikati ya muhogo, majani bado yana maji ya mvua. Mama, mimi, Elia, Sifa, Mama Zaina na binti yake. Masasi yalikuwa yamehamia mbali. Hakuna aliyekuwa amemwambia Sifa. Alikuwa bado ameshika sahani yetu kwa mikono miwili, imefunikwa, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asimwage. Wali wetu aliopeleka ulibaki kwa Mama Zaina bila kuguswa. Ule wa kwetu ulibaki na vumbi lake, na nyama. Sijui nani alikula. Kama alikuwa na njaa, basi.

"Mama Zaina," Mama akasema, "haujafungua."

"Niache, ndugu yangu."

"Fungua. Mutoto amebeba kutoka kwako mpaka hapa."

Sifa akafunua. Vilikuwa vitumbua, vimepoa, vingine vimevunjika. Mama Zaina alisema bismillahi kwa sauti ya chini, akachukua kipande. Mama akashika sahani. Kama kila jioni, alitoa kwanza cha Papa, akakiweka pembeni, kisha akatugawia sisi. Nilimwona akiangalia kile cha pembeni.

"Nimupelekee Papa?" Sifa akauliza.

Mama akakimega katikati, akampa Sifa nusu, akanipa mimi nusu. Tulikula. Vilikuwa vitamu, na katikati vilikuwa bado vibichi kidogo, maana Mama Zaina alivitoa kwenye mafuta kabla ya wakati.