Milango Mingapi?

Jambo la kijinga nililofanya ni hili: nilimwambia Mama kwamba mahali tutakapolala pana milango miwili, nikijua vizuri kabisa kwamba hapana hata mmoja. Hapakuwa na mlango, hapakuwa na dirisha, hapakuwa na ukuta. Ilikuwa hema.

Kabla hujaniita fala, na shuleni kwetu tayari wameniita, ngoja nieleze vile mambo yalienda.

Dada yangu mdogo alikuwa ameona kwenye televisheni ile bustani ya michezo iliyo nje kidogo ya Nairobi. Gurudumu refu kuliko mnara wa kanisa letu. Treni inayopinduka na watu ndani, wakiwa wamelipa wenyewe. Tangu siku hiyo, kila alipoambiwa aombee chakula, alikuwa akimaliza hivi: "Bariki ugali huu, bariki na sukuma, na ile gurudumu, amina." Baba ni mwalimu wa shule ya msingi na hapendi kubishana na Mungu. Mwishowe akasema sawa, likizo ya Agosti tutaenda, tutalala huko usiku mmoja.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kulala.

Mama yangu hakuwa amelala nje ya nyumba yake tangu nilipokuwa na miaka minne. Hata usiku mmoja. Kukiwa na matanga kwao, upande wa ziwani, alikuwa akienda alfajiri na kurudi siku hiyo hiyo, hata kama ni kufika usiku na vumbi mpaka kwenye kope. Tukienda kwa kogo, yaani nyanya yetu mzaa baba, kule Ziwa, mji wa jina tu usio na ziwa lolote, sisi tulikuwa tukibaki kunywa maziwa na kuharibu mahindi ya watu. Yeye jioni alirudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Ilikuwa tu ni kama vile watu wengine hawali samaki.

Kwa ajili ya dada yangu, akakubali. Lakini alikuwa na sharti moja.

"Iwe na milango miwili," alisema. "Wa mbele na wa nyuma."

Nyumba yetu, karibu na Chepkoilel, ina vyumba vitatu vidogo na milango miwili mikubwa. Wa nyuma unafungukia kuku. Hakuna mgeni aliyewahi kuutumia. Lakini kila Jumamosi Mama, ambaye ni mshonaji, huchukua kile kikopo cha mafuta ya cherehani na kutia bawaba zake tone tone, mpaka mlango ule unafunguka bila sauti yoyote. Kuku wenyewe hushtuka.

Kazi ya kutafuta mahali nikapewa mimi. "Si wewe ndiye unajua kushinda kwa simu?" Baba alisema. "Leo ifanye kazi."

Pendekezo la kwanza lilikuwa lake mwenyewe. "Dada yangu yuko hapo Nairobi. Tukalale lojing kama watu wasio na ndugu? Atasema nini?"

"Ghorofa ya tano," Mama akasema, mguu wake haujaacha kukanyaga cherehani. "Mlango mmoja."

Shangazi akaondoka kwenye orodha hivyo tu, bila kujua alikuwa ameingia.

La pili lilikuwa hoteli iliyo ndani ya bustani yenyewe. Baba aliangalia bei, akanirudishia simu polepole, kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe, mtoto akajikojolea.

La tatu lilikuwa nyumba ya wageni ya watawa. Nikapiga simu, nikaweka spika. Mtawa mmoja mwenye sauti tamu akatuambia, "Usijali kabisa, mwanangu. Mlango ni mmoja tu, na jioni tunaufunga kwa kufuli, ufunguo unabaki na sisi. Mko salama." Mama alicheka. Ile ya kucheka meno yakiwa yamefungwa. Nikamshukuru mtawa, nikakata.

Halafu nikaona picha. Mahema meupe yamepangwa kwenye nyasi, mto unapita chini yake, na juu ya miti, gurudumu lenyewe! Unaweza kutembea kwa miguu mpaka langoni. Bei ya kibinadamu. Na moyo wangu ukaruka, kwa sababu ambayo lazima niieleze, hata kama itaharibu mzaha.

Kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa duniani ni hema.

Baba ni wa hapa hapa Uasin Gishu. Mama alikuja kutoka ziwani. Mwaka ule wa ghasia za uchaguzi, kabila kwa kabila, hiyo peke yake ilitosha. Tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ya mbao ya kupanga, yenye mlango mmoja, na Baba alikuwa ameenda Ziwa kumwona kogo. Watu walipofika mlangoni, Mama alivunja dirisha la nyuma kwa sufuria. Akatupa nje kichwa cha cherehani. Halafu akanitupa mimi. Halafu akaruka yeye. Nyumba ikabaki ikiwaka.

Kwetu hadithi hii husimuliwa kama kichekesho, na mzaha wake ni kwamba mimi nilikuwa namba mbili. Nimelalamika miaka yote. "Mama, kweli? Chuma kwanza, halafu kifungua mimba?" Naye hujibu vile vile: "Cherehani haingepiga kelele."

Ndiyo tukaishi kambini, kwenye hema jeupe, miezi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilipapenda. Watoto hadi ukichoka kuhesabu. Hakuna kuoga. Biskuti za bure, mpira wa karatasi za plastiki asubuhi mpaka giza. Mama aliweka kichwa cha cherehani juu ya kreti, akawa anazungusha gurudumu lake kwa mkono na kushonea watu mahema yaliyoraruka, nami nililala chini ya sauti hiyo. Siku Baba alipokuja kutuhamisha, wanasema nilishika kamba ya hema nikalia mpaka wakanibandua kidole kimoja kimoja. Hicho nacho kilikuwa kichekesho. Upande wa pili wa hadithi sikuwahi kuuliza. Mtu wa mzaha haulizi, anaongeza chumvi tu.

Kwa hivyo nikalipia hema.

"Milango mingapi?" Mama akauliza jioni hiyo.

"Miwili."

"Na ukuta?"

"Mama, iko sawa. Utashangaa."

Hilo la mwisho, angalau, lilikuwa ukweli.

Tulisafiri kwa gari ambalo Baba aliazimwa na mwalimu mwenzake. Mama huwa anaacha kuongea tukipita Cheptiret, kwa sababu hapo, mwaka ule wa uchaguzi, waliweka mawe barabarani. Anaanza tena mbele kabisa, bila kusema lolote kuhusu kunyamaza kwake. Safari hii dada yangu aliimba njia nzima, na Mama alipoanza kuongea alianza kwa kumsaidia kiitikio. Nikajiambia, unaona? Mambo ni poa.

Tukafika. Kijana mlinzi wa pale, kofia upande, tabasamu mpaka masikioni, akatufungulia geti na kusema kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi:

"Karibuni kambini! Hema lenu ni lile pale."

Injini ilizimwa. Hakuna aliyetoka.

Baba aligeuza shingo polepole mpaka akanipata pale nyuma. "Ati lenu ni nini?"

Nikafungua mdomo nitoe mzaha. Nilikuwa nao mwingi, nilikuwa nimeupanga tangu Eldoret. Haukutoka hata mmoja. Nilikuwa naangalia kisogo cha Mama, kilemba chake cha kanisani, na mabega yaliyokuwa yamepanda karibu na masikio yakakaa huko.

"Tunarudi," Baba akasema, na mkono wake ukarudi kwenye ufunguo. Kidevu cha dada yangu kikaanza kutetemeka. Nyuma yake, juu ya miti, gurudumu lilikuwa linazunguka, kubwa, taratibu, kama kitu ambacho hakijawahi kusikia habari zetu.

Mama akafungua mlango wa gari.

Alitembea peke yake mpaka kwenye hema. Akashika kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, vile anavyoshika kitambaa cha mteja anayedai ni sufu. Akavuta. Akafuata mshono kwa ukucha, kutoka chini mpaka mkono wake ulipoishia.

"Nani ameshona hii?" akamwuliza yule kijana.

"Zilitoka dukani, Mama."

"Uzi ni wa nailoni. Na wamepiga mara mbili." Hakuwa anasifu wala kulaumu. Akapiga teke kigingi kimoja, kikalegea. Akaking'oa, akakipigilia upya kwa jiwe, kimelala upande. Akafanya hivyo kwa vyote. Halafu akasema, "Lete jembe."

"Jembe, Mama? Mvua haitarajiwi."

"Lete."

Akavua viatu, akafunga leso juu ya gauni la kanisani, akaanza kuchimba mfereji upande wa juu wa hema. Wageni wengine walikuwa wamesimama na vikombe vya chai. Baba akavua koti.

"Leta nikusaidie."

"Wacha," Mama akasema. "Wewe hukuwa huko."

Hakusema kwa hasira. Baba akabaki ameshika koti lake mkononi kama mtu aliyetumwa kulishikia mtu mwingine. Nikachota udongo kwa mikono, kwa sababu mimi, kwa hesabu hiyo, nilikuwa huko.

Tukaenda hivyo kwa muda, jembe lake na mikono yangu. Kisha akaongea, akiangalia udongo.

"Usiku wa kwanza maji yaliingia. Hatukujua kuchimba. Nilisimama na wewe begani mpaka kukacha. Ulikuwa unacheka, unapiga maji teke, ukidhani ni mchezo." Akatupa tonge la udongo kando. "Nikasema, basi, na acheke. Nikawa nakurusha juu kidogo ili uendelee."

Sijui nisemeje vile nilivyojisikia. Nimesimama chini ya Mlima Elgon asubuhi isiyo na mawingu. Nimesimama chini ya lile gurudumu lenyewe na shingo ikaniuma. Si kitu. Niliangalia mwanamke huyu mfupi mwenye matope mpaka magotini na nikaogopa, ile hofu ya mtu aliyeingia kanisani na kofia kichwani.

Alipomaliza mfereji, akafungua zipu, akaingia ndani. Tukasubiri. Halafu tukasikia zipu tena, lakini sauti ilitoka mahali pengine, na Mama akatokea nyuma ya hema, upande wa mto.

Akazunguka. Akaingia tena kwa mbele, akatokea tena kwa nyuma. Akaifungua na kuifunga ile zipu ya nyuma, akitega sikio, kama anavyofanya na mlango wa kuku. Kisha akaniangalia, muda mrefu.

"Miwili," akasema.

"Si nilikuambia?" nikasema. Naapa sikujua. Kwenye picha ilionekana upande mmoja tu.

Bustani yenyewe ilikuwa yote ambayo dada yangu aliombea, na zaidi. Kwenye treni ya kupinduka nilimwita Yesu, kogo na mwalimu wangu wa hesabu, kwa mpangilio huo. Mama alikaa kando yangu, mkono mmoja juu ya kilemba, bila sauti, na tuliposhuka akauliza kama inaruhusiwa kurudia. Jioni tulipanda gurudumu, wote wanne kwenye kikapu kimoja. Juu kabisa likasimama. Nairobi ilikuwa imewasha taa zake upande mmoja, na upande mwingine kulikuwa na giza la miti. Mama akaegemea, akanyoosha kidole chini kabisa, kwenye vidoa vyeupe.

"Ile yetu ni ya tatu," akasema. "Yenye mfereji."

Mvua haikunyesha hata tone.

Asubuhi niliamka nikakuta jua tayari liko juu ya hema, ndani kumekuwa kweupe kama ndani ya yai. Baba hakuwepo. Nikatoka na dada yangu. Alikuwa amekaa nje kwenye nyasi, kidole mdomoni, akimzuia yule kijana mlinzi asilete chai kwa sababu vikombe vinagongana.

"Mama yenu amelala," akatuambia kwa mnong'ono. Uso wake ulikuwa ule wa siku ya matokeo, wakati shule imepita.

Lango la bustani lilifunguliwa. Tukasikia muziki ukianza, watoto wa watu wakipiga mayowe kwenye maji. Dada yangu, aliyeombea siku ile juu ya kila sahani ya ugali, alikaa chini kando ya Baba, akakumbatia magoti, akaangalia zipu. Hakuuliza hata mara moja. Tukakaa hivyo watu watatu, tukilinda usingizi wa mtu kama wafugaji, mpaka jua likapanda kabisa na yule kijana akavua kofia bila kujua kwa nini.

Jumamosi iliyofuata, nyumbani, Mama alikuwa anatia mafuta bawaba za mlango wa nyuma. Akaniita. Nikaenda nikijua siku yangu imefika. Hakugeuka, alimalizia bawaba ya chini, akafuta kikopo kwa leso, akausukuma mlango ukafunguka bila sauti, kuku wakashtuka. Ndipo akasema:

"Mwaka ujao ulipie tena pale. Na ukinidanganya tena kuhusu milango, siku hiyo nitaokoa cherehani peke yake."