Dole Gumba la Jemimah

Karakana ya Zachariah Anyona iko nyuma ya nyumba yake, Kiogoro, na ina sheria moja tu: kitu kilichotoka kwenye asidi hakiguswi kwa kidole. Zachariah hutengeneza bangili za titaniamu, madini ya kijivu yasiyovutia hata kidogo mpaka yapitishiwe stima katika maji ya magadi. Hapo hugeuka zambarau, dhahabu au samawati, bila tone la rangi. Lakini kwanza asidi iitafune ngozi ya juu ya madini, kisha bangili isuuzwe mara mbili na kushikwa kwa koleo. Yakibaki mafuta kidogo ya mkono, rangi hukataa mahali hapo.

Jemimah, mkewe, alikuwa Msabato wa kweli, hakuwahi kuvaa hata pete, ila macho yake yaliipenda kazi ya mumewe. Mwaka juzi alikuja kumwita kwa chakula, akakuta bangili imelazwa juu ya kitambaa safi, akaiokota. Zachariah hakumwona. Alipowasha stima, bangili ilitoka samawati, na katikati yake alama ya dole gumba la Jemimah, ya kahawia, kila mstari unaonekana.

"Mama Marion, nani amekutuma ushike?" alifoka, mteja akiwapo.

"Nilitaka tu kuona," Jemimah akasema.

Zachariah si mtu mbaya, nisimsingizie, lakini siku hiyo ulimi wake ulichoma. Tangu hapo Jemimah alimwita akiwa mlangoni, hakuingia tena. Miezi minne baadaye presha ikamchukua. Zachariah akaitundika bangili ile kwenye msumari, na kila asubuhi, kabla ya kazi, aliweka dole gumba lake juu ya lile la mkewe.

Sasa Marion, binti yao wa pekee, alikuwa anaolewa Nyamira. Alitaka bangili ya samawati badala ya ebitinge, zile pete za miguuni walizovaa nyanya zake walipoolewa. Harusi ilikuwa Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Titaniamu ilikuwa imekwisha, nyingine ingefika mwezi ujao. Ilibaki ile ya kwenye msumari.

Angeweza kumpa vile ilivyo. Lakini Marion angeuliza alama imetoka wapi, naye angelazimika kumweleza jinsi alivyomfokea mama yake kwa kosa la kutazama. Aliona haya. Akavaa glavu, akaitumbukiza. Asidi ilitoa mapovu, samawati ikafifia, na mistari ya dole ikaanza kufifia nayo. Alijua bado anaweza kuiopoa. Hakuiopoa. Aliisuuza mara mbili, kama kawaida, huku analia, kisha akaipitishia stima, ikatoka samawati tupu.

Alhamisi Marion akaja, akasimama kizingitini. Aliivaa bangili, akaigeuzageuza.

"Tata, iko safi kabisa," alimwambia baba yake. "Haina hata alama."

"Ingia basi, mbona unasimama nje?"

"Mama alinikataza. Aliniambia vile alishika bangili yako ikaharibika, ukamfokea. Alikuwa anacheka akisimulia. Alisema kosa lilikuwa lake, nisije nikakuharibia kazi na mimi."

Kumbe mtoto alijua siku zote.

"Ile alishika, bado unayo?" Marion akauliza. "Hakuacha hata pete, Tata. Ningeivaa hiyo Jumapili."

Zachariah akautazama mkono wa binti yake, akaweka dole gumba lake juu ya bangili, pale lilipokuwa la mkewe.