Yai la Mbuni Juu ya Meko ya Anyesi

Ndugu zangu, mmewahi kuulizwa swali ambalo hata anayeuliza hajui jibu lake? Enzi za Wajerumani Anyesi wa kijiji cha Msalato aliulizwa swali kama hilo, na mvua ilikuwa imeshaanza kunukia.

Anyesi alikuwa mjane mkulima. Mbegu zake za uwele alizitunza ndani ya ganda la yai la mbuni aliloachiwa na bibi yake, tundu limezibwa kwa nta, mdudu haingii. Lilining'inia juu ya meko ndani ya tembe, nyumba yake ya paa la udongo, hata likawa jeusi kwa moshi. Siku hiyo askari alipita, akaliona, akalibeba. Anyesi akamfuata kwa miguu mpaka bomani.

Karani pale alikuwa Yahaya, kijana wa Kondoa.

"Shikamoo, mama. Yai hili limeokotwa lini?"

"Marahaba. Aliliokota bibi yangu, mimi sijazaliwa."

"Mwaka gani?"

"Mwaka wa nzige."

"Nzige wa mwaka gani?"

Anyesi akashusha pumzi. "Mwanangu, nzige hawakutuambia."

Yahaya akaeleza kwamba wakubwa wa Ulaya walikutana, wakapatana kuwa mayai ya mbuni yalindwe. "Kama hili ni la kabla ya sheria, lete shahidi aliyeona likiokotwa."

"Aliyeona ni bibi, na huyo mbuni. Wote wamekufa. Nikufukulie yupi?"

Askari mlangoni akacheka. Yahaya hakucheka. "Basi litakaa hapa, pamoja na vilivyomo, mpaka Bwana Mkubwa, Mjerumani wetu wa boma, arudi kutoka safari. Kama mwezi hivi."

Mwezi! Kwa mwezi, uwele wa wenzake ungekuwa umefika magotini.

"Isome hiyo karatasi yenu ya sheria," Anyesi akasema. "Mbuni yumo?"

"Yumo."

"Yai limo?"

"Limo."

"Na uwele?"

Yahaya akasoma juu mpaka chini, akageuza na upande wa pili. "Haumo."

"Sasa uwele wangu umekatazwa na nani?"

Yahaya akamsogezea yai. Anyesi akachokoa nta, akamimina mbegu kwenye pembe ya kaniki yake, akafunga fundo. Yahaya akaandika: yai moja, tupu.

Kesho yake Anyesi alipanda, na mvua ikamkuta shambani. Akavuna. Yai halikurudi: Bwana Mkubwa aliwaandikia wakubwa wake wa pwani kuuliza, pwani nao wakauliza Ulaya.

Mbegu mpya Anyesi alizitia kwenye kibuyu, akakitundika palepale juu ya meko.

"Na wewe nyamaza," akakiambia, "wale wakubwa wa Ulaya wasije wakakutana tena kwa ajili yako."