Kilio cha papa yangu muzima

Mu muji yote ya Baraka, kufika Fizi, hakuna wa kunishinda kupiga filamu. Mubishe!

Leo ilikuwa filamu ya mutihani wangu wa chuo: mama analilia bwana yake aliyekufa.

Nikakalisha mama yangu chini, mbele ya picha ya papa, bwana yake. Akalia vizuri sana!

Vizuri kupita, sababu bamama majirani bakaingia na mikeka, banalia ya kweli.

Mara papa huyu hapa, anatoka Misisi na pikipiki.

"Nani amekufa?"

Jirani moja, machozi tele: "Ni weye, papa Asukulu!"

Papa akavua kofia kwanza. Kisha ndiyo akaelewa.

Mucheke tu, fimbo yake nilikimbia.

Lakini prof anangoja filamu kesho, na mi kamera nilisahau kufinya irekodi.