Bomba Lililoishia Shuleni

Asubuhi ile naikumbuka mpaka harufu ya rangi mbichi, mwanangu. Nilikuwa nimesimama mbele ya wodi ya wazazi niliyoijenga mwenyewe, kijijini kwetu upande wa magharibi wa Mlima Meru, nimevaa kofia ngumu ya njano niliyopewa na shirika. Pembeni, kwenye benchi la zahanati, shemeji yangu Naomi ameshikwa na uchungu. Na mlango wa wodi umepigwa kufuli, kwa sababu ndani hakukuwa na tone la maji.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni fundi mwashi. Shule niliishia darasa la nne, na sioni aibu kulisema hilo. Kuanzia Olasiti mpaka Terrat kuna nyumba nyingi zilizosimama leo kwa timazi yangu, na sijaitwa hata siku moja kuziba ufa niliousababisha mimi. Kazi nimejifunza kwa kubeba zege. Kwa hiyo nikiwa kijana nilikuwa na ugonjwa mmoja: mtu wa vyeti akikosea, moyo wangu ulikuwa unacheka. Kumbuka hilo, maana ndilo lililonifikisha pale mlangoni.

Mwaka ule kijiji kilipata bahati mbili kwa mpigo. Halmashauri ilikuja kutujengea wodi, ili akina mama wasihangaike kushuka mjini. Halafu shirika moja lisilo la kiserikali likaja kuvuta maji ya bomba kutoka chemchemi ya juu, maji yasiyoharibu meno. Meno yetu haya ya kahawia unayaona, sina haja ya kukueleza. Pande mbili zikasaini karatasi za kushirikiana, wakapiga picha wameshikana mikono, tukanywa soda. Kila aliyesimama alisema lengo letu ni moja. Hakuna aliyelitaja ni lipi.

Mimi nikapata kazi kote kuwili. Halmashauri ilinipa kujenga wodi, shirika likanipa kusimamia mtaro wa bomba. Hivyo katika kijiji kizima nilikuwa mtu pekee aliyekaa vikao vya pande zote. Kwa mhandisi wa halmashauri, kijana mpole mwenye haraka, nikasikia maji ya wodi yataletwa na shirika. Kwa Furaha, yule dada aliyesimamia mradi wa shirika, nikaona mchoro: bomba linatoka chemchemi, linashuka, linaishia shule ya msingi. Maji ya zahanati, akasema, yako kwenye mipango ya halmashauri. Na kutoka shuleni hadi zahanati ni kilima cha kukutoa jasho hata ukiwa mikono mitupu.

Nikajua siku ileile. Nikanyamaza.

Wewe utasema niliogopa kusema mbele ya wakubwa. Sikuogopa. Nilinyamaza kwa raha. Nikajiambia hawa wasomi, hata jina langu hawajaniuliza, ngoja waumbuke wenyewe siku ya ufunguzi. Nikawa naisubiri siku hiyo kama harusi. Sikuwaza kwamba atakayefika kwanza kwenye ule mlango si mhandisi wala Furaha.

Alifika Naomi. Mimba yake ya kwanza iliishia barabarani, kwenye gari la kukodi, kabla hawajauona mji. Hii ya pili alikuwa amejiapiza hataipeleka mbali, atajifungulia hapahapa, kwenye wodi ya shemeji yake. Alikuwa akipita na tumbo lake wakati napiga lipu, ananiambia, "Shemeji, fanya haraka, mwenye nyumba anakuja." Na mimi nacheka, huku najua.

Nesi Anande, mwenye ufunguo wa wodi, hakuwa mtu mbaya. Alisema wazi hatamzalisha mama kwenye chumba kisicho na maji ya kunawa wala ya kusafishia, kwa sababu aliwahi kuona mwisho wake. Gari la kumpeleka hospitali ya mjini lilikuwa limekwama kwenye tope huko chini. Ndugu yangu, mume wa Naomi, alikuwa safarini. Naomi hakupiga kelele. Alikuwa ananitazama tu, na mimi nautazama mlango nilioufunga bawaba mwenyewe.

Ndipo akatokea Koko Nashipai. Koko ndiyo bibi, kwa Kimaa, na yule alikuwa bibi wa kijiji kizima, maana kabla ya zahanati nusu yetu tulidondokea mikononi mwake. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Maji yako wapi?"

"Shuleni, Koko."

"Na mtaro ulichimba wewe?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua hayafiki hapa?"

Ningeweza kudanganya. Nikaona macho ya Naomi. "Nilijua, Koko. Tangu walipotuonyesha mchoro."

Akanitazama kuanzia kiatuni mpaka juu. "Basi vua hiyo sufuria kichwani, ubebe ndoo."

Nikabeba. Akina mama wa kijiji walijipanga kutoka bomba la shule mpaka mlango wa wodi, wanapokezana ndoo, na mimi napanda na mbili kwa wakati mmoja, natweta, huku wananitania kwamba fundi amegeuka punda. Pipa lilipojaa, Nesi Anande akafungua kufuli. Kabla ya saa sita mchana Naomi alipata mtoto wa kike, mzima kabisa, mwenye sauti.

Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, Koko akaja kukaa karibu. Hakupandisha sauti.

"Baba zenu walipochimba mfereji wa chini," akasema, "zilikuwa koo mbili zisizosalimiana. Kabla ya jembe kugusa udongo, walisimama kwanza kule maji yatakakoishia. Kila upande ukasema mbele ya mwenzake, maji haya ni ya nani. Waliposema neno moja, ndipo wakapanda juu kuanza kuchimba. Nyinyi mmeanzia juu, kila mtu na karatasi yake. Na wewe uliyesikia pande zote, ukajifanya huna mdomo."

Mwanangu, nimetukanwa na watu wengi kwenye maisha haya. Hakuna aliyenipata kama yule.

Wiki iliyofuata wakaja wote wawili, mhandisi na Furaha, kupanga tarehe ya ufunguzi. Nikasimama, nikawaeleza yote, na kunyamaza kwangu nikakuweka wazi. Mhandisi akaanza kutafuta kipengele kwenye makubaliano, Furaha naye akakunjua mchoro wake, kila mmoja anatafuta kosa liko kwa nani. Koko hakuwa amealikwa, lakini alikuwa mlangoni. Akawaambia wamfuate. Akawasimamisha ndani ya wodi, karibu na lile pipa, akamuuliza kila mmoja anataka nini hapa.

Mhandisi akasema anataka wodi ifunguliwe. Furaha akasema anataka mradi wa maji ukamilike.

"Hakuna aliyemtaja mama," akasema Koko.

Wala hawakuwa watu wabaya, nakuambia. Walikuwa wanafanya kazi kwa bidii, kila mmoja akimwangalia bosi wake. Furaha ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo: "Mama akija kujifungua hapa, akute maji." Mhandisi akasema, "Hilo hata mimi ndilo nalitaka." Wakaliandika nyuma ya mchoro, wakasaini wote. Shirika likatoa mabomba na pampu, halmashauri ikatoa fundi wa kuunga, sisi wanakijiji tukachimba. Kazi iliyokuwa haina mwenyewe ikaisha kwa siku chache.

Sasa wewe mwanangu, unayeanza kazi halmashauri, au shirika, au unayekaa kamati ya kijiji. Usikubali maneno "lengo letu ni moja" mpaka kila upande ulitaje kwa mdomo wake, na yasikike maneno yaleyale. Wapeleke mahali penyewe, wasimame na mtu atakayeitumia hiyo kazi. Kama kuna kitu kila mmoja anadhani mwenzake atakileta, kiandikieni jina la atakayekileta. Na ukijikuta wewe ndiye unayesikia pande zote mbili, sema. Sema hata kama una darasa la nne, hata kama hawakujui jina. Kiburi changu kilikuwa kidogo tu, lakini mzigo wake alikuwa anaubeba Naomi pale kwenye benchi.

Mungu akupe wenzako wa kazi wanaosikia. Akupe na wazee wa kukukaripia mapema. Utakachokijenga kifunguliwe siku ya kwanza, na anayekihitaji akikute tayari.