Kisahani Kisichotiwa Dawa

Nakumbuka jioni ile nilipompigia simu baba yako kule Lufingo, nikamwambia asikate tamaa, maana dada yake nimeipata tiba. Mwanangu Atupele, ulikuwa mdogo, kisukari kimekushika, na kila asubuhi ulikimbilia migombani kuikwepa sindano. Mimi nilikuwa kijana, nasoma mbali, natengeneza swichi ya jeni: seli ya mwili ikae kimya, ikipata kidonge fulani ndipo itoe insulini. Basi nikaota unameza kidonge chako na kwenda zako kucheza.

Kwa majaribio tuliweka jeni ya kung'aa mahali pa ile ya insulini, ili tuione swichi ikiwaka. Nikachagua seli zilizong'aa kuliko zote, nikazigawa katika visahani viwili, kimoja nikakitia dawa ya kuwasha swichi, kingine nikakiacha bila dawa. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilitembea maabarani kama bibi harusi.

Mwalimu wangu, mama mtu mzima asiyependa makelele, hakukitazama kabisa kisahani changu kilichowaka. Alichukua kile kisichotiwa dawa, akakiweka chini ya hadubini, akanikalisha. Nacho kilikuwa kinang'aa, kwa mbali, kama kaa chini ya majivu.

"Hii imezimwa?" akauliza.

"Imezimwa, mwalimu. Inavuja kidogo tu."

"Huyo mtoto wa kaka yako, ungemlaza na hicho kidogo?"

Nilijua insulini isiyoitwa hushusha sukari mpaka aliyelala asiamke. Nililia, wala sioni haya kukuambia. Mchuma janga hula na wa kwao, nami nilikaribia kukupakulia wewe. Nikampigia tena baba yako, nikamwambia bado. Akanishukuru kwa lugha ya nyumbani, "Ndaga, dada. Tutaendelea na sindano."

Umekua na sindano zako, mwanangu, umesoma, na leo unaondoka Tukuyu kwenda kufanya kazi hiihii, eti unimalizie. Haya, malizia, mimi macho yamechoka. Ila swichi usiisifu kwa kuwaka kwake. Itazame kwanza pale unapotaka inyamaze, na ukimwona mwenye haraka, hata awe shangazi anayekupenda, mkalishe kama nilivyokalishwa.

Nenda salama. Kyala, kama bibi yako alivyozoea kumwita Mungu, akulinde huko uendako, na asubuhi moja akuamshe ukiwa umesahau sindano iliwekwa wapi.