Pilipili za Mama Mkwe

Tuliporudi Koboko, Uganda, kutoka ukimbizini Zaire, mimi nikiwa bado mgeni katika ukoo wa mume wangu, mama mkwe wangu alibeba mbegu za pilipili kwenye pindo la kitenge. Alikuwa amezipata kwa jirani yake wa kule. Zilikuwa za pilipili fupi, ya manjano, yenye mikunjo, kali kiasi kwamba ukiikata, aliyekaa mlangoni anapiga chafya.

Nyumba tuliikuta haina paa. Mume wangu na ndugu zake wakaenda kukata nyasi; mama akaenda kutafuta udongo. Alichota udongo mweusi wa bondeni, akauchanganya na samadi ya mbuzi, akazipanda mbegu zake kwenye chungu kilichopasuka mdomo.

Hakuna kilichoota. Maharage ya majirani yalikuwa yamekwisha kutambaa, lakini chungu chetu kilibaki udongo mtupu.

"Mama, labda zimeoza," nikamwambia.

"Hapana, mutoto yangu. Mbegu iko nzima. Baridi ndiyo inasumbua yeye."

Alikuwa amebakiza mbegu chache. Akaziloweka katika maji ya uvuguvugu, akazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, akaziweka ndani ya kikombe cha bati karibu na mafiga. Kila alipopika alikigusa kikombe, akakisogeza kidogo, huku au kule. Akienda kuswali alinikabidhi mimi. Nilikigusa kama alivyokigusa yeye, ingawa sikujua hasa ninapima nini.

Asubuhi moja aliniita uani, akafunua kitambaa. Vijizizi vyeupe, vyembamba kuliko uzi, vilikuwa vimechomoza. Mama akacheka, mkono mdomoni. Hata siku paa lilipokamilika sikumwona akicheka vile.

Tulivihamishia kwenye makopo ya mafuta yaliyotobolewa kwa msumari. Kuku wakaja wakaparua, miche miwili ikafa. Nilidhani atawafukuza kwa mawe. Aliketi chini tu, akasuka matenga madogo ya fito, akafunika kila kopo.

Pilipili zilipoiva, harufu yake ilimleta jirani mmoja, mwanajeshi wa zamani. Jeshi alikuwa ameliacha, lakini sote bado tulimwita Afande.

"Mama, mimi nimekula pilipili ya Kongo yote," akasema. "Leta hiyo yako."

"Afande, kata kidogo tu."

Akatia nzima mdomoni. Alitafuna mara chache. Macho yakajaa machozi, jasho likamtoka kwenye kipara, naye akabaki amenyooka kitini kama yuko kwenye gwaride. Mama hakumcheka. Alimwekea ugali wa muhogo na maziwa ya mgando, akamgeuzia mgongo ili afute uso bila kutazamwa.

Afande akameza maziwa. "Mama, hii si pilipili. Hii iko moto kabisa." Akameza tena maziwa. "Nipe mbegu."

Mama alimchagulia tunda kutoka mche uliozaa vizuri zaidi, akamwonyesha jinsi ya kukausha mbegu kivulini, akamwonya asishike macho. Kisha akawa anapita kwake kukagua makopo, na Afande, aliyezoea kuwapigia kelele watu wote wa njia ile, alisimama akimjibu kwa upole, "Ndiyo, Mama. Nimemwagilia, Mama."

Habari zikafika hadi vijiji vya Kuluba. Wanawake wakaanza kuja, Waislamu na Wakristo, wengine na watoto mgongoni. Mama hakumpa mtu mbegu kabla hajaketi na kujifunza. Nyumbani hakuwa msemaji, lakini mbele ya wale wanawake alizungumza hadi chai ikapoa, akishika udongo, akiwatia udongo mikononi, akiuliza, "Unasikia? Iko na unyevu?" Nilikaa nyuma yao, nami nikanyoosha mkono wangu nitiwe udongo.